Maganda Mia Mbili ya Royce Hentschke

Royce Hentschke alinunua maganda mapya mia mbili ya risasi, akayapima moja moja kwenye mizani yenye uwezo wa kupima uzito wa unywele, kisha akayakataa mia moja hamsini na matatu. Arobaini na saba yaliyobaki ndiyo aliyoyaita maganda. Yale mengine, yaliyotoka kiwanda kilekile siku ileile, ambayo mtu mwenye akili timamu asingeweza kuyatofautisha na wenzake hata kwa kulipwa, aliyamwaga kwenye ndoo mlangoni mwa banda lake na kuyaita takataka.

Ndivyo alivyozoea. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa msimamizi wa maghala ya ngano pale Narring, na kazi iliyompendeza kuliko zote ilikuwa kupanda juu ya lori la mkulima, kuchoma mkuki wa kupimia kwenye ngano, kusoma unyevu, na kumwambia mkulima aliyepanga foleni tangu alfajiri kwamba ageuze arudi nayo kwake. Alipostaafu hakubakiwa na malori ya kukataa. Akahamia kwenye maganda, na kwenye watu.

Chama cha shabaha cha Narring kilikuwa na wanachama ishirini na sita, na kwa mizani ya Royce waliofaa walikuwa mmoja na nusu. Mmoja ni yeye. Nusu ni shemeji yake, Clem Pohlner, kaka wa mkewe Verna, mkulima mpole wa dengu na shayiri. Kwa miaka kumi na tisa hao wawili walikuwa wakienda pamoja kwenye shindano la Pasaka, watu wawili kwa kila chama, kumpiga inzi kwa umbali wa mita mia tano. Inzi mwenyewe ni picha tu iliyochapwa katikati ya karatasi, lakini kote katika mkoa huo wa Wimmera kuna watu wazima, wenye wajukuu, wanaokosa usingizi kwa ajili yake.

Wengine wote walikuwa wa kujaza viti. Lorna Schuback, mwalimu mstaafu aliyesimamia uwanja, Royce alimwona anafaa kwa kupuliza filimbi. Ndugu wawili wenye duka la vipuri aliwasifu kwa kelele zao tu, maana shabaha hawana. Na Merran Kuhne, kwa huyo hata maneno yalimpungukia.

Merran alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili, kazi yake kunyoa kondoo, na mabega yake yalionyesha. Risasi zake alizitengenezea kwenye meza ya jikoni, kwa mashine ya mkono aliyoipata kwenye mnada wa shamba la mtu, ikiwa imefungwa pamoja na toroli lisilo na gurudumu. Maganda yake yalikuwa ya viwanda vitatu, yamechanganyika ndani ya kopo la aiskrimu. Aliyasafisha, akayarudisha umbo, akayakata yaliyorefuka, akatia fataki ya kuwashia, baruti na kichwa cha risasi, basi, kazi imekwisha, akaenda kulala. Tena alikuwa na mtindo mmoja uliomtia Royce kichefuchefu: kabla ya kupiga, kila risasi aliishika karibu na sikio na kuitikisa, kama mtu anayechagua yai bovu.

Siku moja kwenye meza ya chai Royce alimwambia mbele ya watu wote kwamba maganda kama yale yangefaa kutobolewa, kutiwa uzi na kutundikwa barazani, upepo ukipita yatoe muziki.

"Na hilo la kutikisa," akaongeza, "unangoja likuitikie?"

"Likiitika najua kuna baruti ndani, mzee," Merran alisema, akaenda zake kuchukua soseji.

Ndugu wa duka la vipuri walicheka. Royce alidhani wanamcheka Merran.

Lazima isemwe, mtu huyu alikuwa mpiga shabaha kweli. Miaka tisa kabla ya haya, siku ya Jumamosi ya Pasaka, aliweka risasi tano kwa inzi mmoja, zote tano ungezifunika kwa kikombe cha chai. Karatasi ile aliitia fremu akaitundika bandani, juu ya mizani. Baada ya hapo lile kundi la matundu likaanza kutanuka. Kikombe kikawa kisahani. Kisahani kikawa sahani. Pasaka iliyopita ingehitajika sinia, na kama Clem hangepiga alivyopiga, chama cha Narring kingeshika mkia mbele ya mkoa mzima.

Royce alijua kosa liko wapi. Liko kwenye maganda. Lingekuwa wapi tena?

Mwaka wa kwanza alianza kuyapima uzito. Kundi likatanuka. Mwaka wa pili akanunua kijimashine cha kunyoa shingo ya ganda ili unene uwe sawa pande zote, akajifungia bandani majuma matatu akikwangua vumbi la shaba ambalo hata kuliona ilibidi avae miwani miwili. Kundi likatanuka. Akanunua mashine ya kupitisha shingo kwenye moto kila baada ya kupiga, ili shaba ilainike na ibane kila kichwa cha risasi kwa nguvu ileile. Akasawazisha kikalio cha fataki. Akasafisha kingo za kile kitundu kidogo ambamo moto wa fataki hupenya kwenda kwenye baruti. Akajaza maji kwenye kila ganda kwa bomba la sindano ili ajue ujazo wake, kisha akayakausha kwenye oveni ya Verna, mpaka Jumapili moja Verna alipofungua oveni atie paja la kondoo akakuta trei mbili za shaba. Kuanzia siku hiyo oveni ikawa marufuku kwake. Kila ganda lilikuwa na namba yake iliyoandikwa kwa kalamu nyembamba kitakoni, na kila namba ilikuwa na ukurasa wake kwenye daftari. Kuna watoto pale Narring ambao wazazi wao hawakumbuki tarehe zao za kuzaliwa vizuri kama Royce alivyokumbuka historia ya ganda namba sita.

Kitu kimoja hakikuwa na ukurasa. Mwaka mmoja baada ya ushindi wake, Royce aliiacha bunduki yake ndogo akanunua kubwa, yenye teke la punda, kwa sababu mtu mmoja wa mji wa Horsham alikuwa nayo. Siku ya kwanza hakuikumbatia begani sawasawa. Ilipolia, darubini iliyofungwa juu yake ilirudi ikampasua juu ya jicho, akashonwa nyuzi nne. Alirudi uwanjani Jumapili iliyofuata na bandeji, akawaeleza wenzake kwa kirefu kwamba ganda lile lilikuwa na shingo nene upande mmoja. Walimsikiliza. Clem alimmiminia chai.

Mwaka huu kamati ilibadili mambo. Nafasi ya Clem ilikuwa yake kwa alama zake, hilo halikuwa na ubishi. Nafasi ya pili, iliyokuwa ya Royce kwa mazoea tu, Merran aliiomba kwa barua fupi yenye adabu. Ikaamuliwa wapige wawili hao, risasi tano tano, majuma mawili kabla ya Pasaka, na mwenye alama nyingi aende na Clem.

Royce alichukia mpaka akakosa hamu ya kula. Aliona ni sawa na kuambiwa apange foleni na malori. Lakini chini ya chuki kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukitaja kwa mtu, nacho ni woga. Safari ile ya Pasaka, mwendo wa saa nne barabarani na Clem, sandwichi za soseji kavu alizofunga Verna, kile kibanda cha kukodi chenye vitanda viwili vinavyolia, ndizo zilizokuwa siku tatu pekee katika mwaka ambazo kuna mtu alimhitaji kwa kitu. Maghala yalikuwa na msimamizi mwingine, kijana mwenye kompyuta, na hakuwahi hata mara moja kumpigia simu amuulize jambo.

"Shemeji, usiwe na wasiwasi," alimwambia Clem walipokutana kituo cha mafuta. "Ijumaa Kuu tunaondoka saa kumi na mbili kama kawaida."

Clem aliangalia viatu vyake. "Tutaona Jumapili," alisema.

Royce akalichukua hilo kama ahadi.

Juma zima alikuwa bandani. Kutoka yale maganda arobaini na saba alichagua ishirini, na hayo ishirini akayafanyia kila alichojua na viwili zaidi alivyovisoma kwenye jarida. Baruti aliipima mpaka punje ya mwisho, akiiokota kwa kibano. Vichwa vya risasi alivipima. Fataki alizipima, jambo ambalo hata jarida halikulishauri. Mwisho akazipanga risasi zake kwenye kisanduku cha mbao alichokitengeneza mwenyewe, chenye matundu ishirini, ncha juu, akakifunga kwa kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni. Alimwita Verna aje aone. Verna alisimama mlangoni na taulo la vyombo mkononi, akasema ni nzuri zote zinafanana, na Royce akamwambia kwamba hiyo ndiyo sentensi ya maana kuliko zote alizowahi kusema ndani ya banda lile.

Jumapili ilikuwa ya vumbi. Upepo ulitoka kaskazini juu ya mabua ya ngano iliyovunwa, na vibendera uwanjani vilikuwa vikigombana, cha mita mia kikielekea huku na cha mita mia nne kule. Merran alipiga kwanza. Alijilaza nyuma ya bunduki yake ndogo, akatoa risasi kutoka kopo la aiskrimu, akaitikisa sikioni, akaitia. Kisha hakufanya kitu. Alikaa akiangalia vibendera mpaka watu wakaanza kukohoa. Royce, aliyesimama nyuma na mikono kifuani, alimnong'oneza mtu wa duka la vipuri kwamba bibie anangoja basi. Vibendera vilipolingana kwa dakika moja Merran alipiga mbili harakaharaka, akangoja tena, akapiga moja, akangoja, akamaliza. Lorna alisoma karatasi kwa darubini ya uwanja: arobaini na sita kwa hamsini.

"Si haba kwa kopo," Royce alisema, kwa sauti ya kumfikia Merran mwenyewe.

Zamu yake ilipofika alichukua robo saa kujipanga. Alitandika mkeka, akaweka mto wa ngozi wenye mchanga chini ya kitako cha bunduki, akausawazisha kwa kipimo cha seremala. Alifungua kufuli mbele ya watu. Risasi ya kwanza ilikuwa kumi. Ya pili tisa. Ya tatu ilishuka chini kulia ikawa nane, naye akachomoa ganda, akalitazama kwa kioo cha kukuzia, akatamka kwamba shingo imechoka. Lorna aliandika nane, kwa kuwa fomu yake haikuwa na nafasi ya shingo. Ya nne ilikuwa kumi. Jumla thelathini na saba. Akipata kumi anashinda, akipata tisa wanalingana na kurudia.

Royce alimtupia Merran jicho, akachukua risasi ya tano kwa ncha, akaitia chemba, akafunga bolti. Alivuta pumzi, akaitoa nusu. Akafyatua.

Ikalia tk.

Wapiga shabaha wanajua jambo ambalo wengine hawana haja ya kulijua: teke la bunduki linasitiri. Baruti inapolipuka, bega linarudi, mtutu unaruka, moshi unatoka, na hakuna jicho linaloweza kusema mpigaji mwenyewe alifanya nini kabla ya hapo. Safari hii baruti haikulipuka, na Royce akabaki hadharani bila nguo. Bega lake lilirukia mbele kama mtu aliyesukumwa kutoka nyuma. Kichwa kikarudi nyuma, macho yote mawili yakafumba kwa nguvu, na mdomo wa mtutu ukazama chini kulia, palepale lilipokuwa tundu la zile alama nane. Bunduki haikuwa imefanya kitu chochote. Ilikuwa kazi yake peke yake.

"Usiguse," Lorna alisema. "Nusu dakika."

Hiyo ni kanuni, maana fataki nyingine huchelewa na ganda likafumuka usoni mwa aliyefungua. Basi Royce alilazimika kubaki vilevile, amelala juu ya mkeka wake, bunduki imeelekea kwenye shabaha, huku Lorna akihesabu kwa sauti ileile aliyowahesabia watoto wa darasa la pili kwa miaka ishirini na minane. Royce alingoja kicheko. Alikuwa tayari kwa kicheko, alikuwa na majibu yake. Hakikuja. Lorna alipofika kumi na tano, Royce aligeuza macho pembeni, bila kichwa, atafute angalau uso mmoja ulioshangaa. Waliokuwa pale walitazama vibendera, walitazama viatu, mmoja alikuwa anafuta miwani. Hakuna aliyeshangaa. Jambo hilo lilimwingia polepole, na likaingia mpaka chini.

Nusu dakika ilipokwisha alifungua bolti, risasi ikamtokea mkononi nzima. Aliinuka, na kilichomtoka kinywani kilikuwa kile alichokizoea.

"Kuna mtu amegusa kisanduku changu," alisema, na alikuwa anamtazama Merran.

Merran alikuwa anamenya chungwa. Hakuacha kumenya. "Mzee, kisanduku chako kina kufuli," alisema. "Na ufunguo uko shingoni mwako."

"Kilikuwa wazi hapa nusu saa."

"Ndiyo, na wewe umekaa juu yake."

Lorna aliingia kati. Akasema kwa utaratibu, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, kwamba kama Bwana Hentschke analalamika rasmi kuwa risasi zake zimechezewa, basi shindano linasimama hapohapo, karatasi ya Merran inawekwa kando, na kamati itakaa. Kamati hukaa Jumatano ya mwisho wa mwezi. Kila mtu pale alijua kwamba Jumatano hiyo ni baada ya Pasaka, na kwamba mpaka hapo nafasi itabaki kwa aliyekuwa nayo. Clem alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono mfukoni, akimtazama shemeji yake.

Royce aliigeuza risasi kitako juu. Fataki ilikuwa na vishimo viwili vya pini, kimoja kipya na kimoja cha zamani. Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe, mwembamba, mzuri, palikuwa na namba kumi na nne.

Akakumbuka. Siku ya Ijumaa alitengeneza risasi moja bubu, isiyo na baruti, yenye fataki iliyokwisha kulia, apate kupimia kina cha kichwa ndani ya bunduki. Kila mtengenezaji risasi anazo. Na kila mmoja wao, hata wale ndugu wa duka la vipuri, hutoboa tundu ubavuni mwa ganda la namna hiyo ili lisije likachanganyika na mazima. Royce alilishika lile ganda chini ya kekee, akashindwa. Lilikuwa na uzito sawasawa na ganda bora kuliko yote. Shingo yake ilikuwa haina kasoro. Kulitoboa aliona ni unyama. Na kwa sababu hakupenda kuona pengo kwenye kisanduku, akalichomeka kwenye tundu lake, ncha juu, katikati ya wenzake, wakapendeza. Alikuwa amepima ganda, amepima baruti, amepima kichwa, amepima fataki. Risasi iliyokamilika hakuipima hata moja. Mtu wa kopo angeitikisa.

Hakuna mwingine aliyeiona ile namba. Angeweza kuitia mfukoni. Angeweza kusema neno moja, ndiyo, na Ijumaa Kuu saa kumi na mbili angekuwa kwenye gari la Clem na sandwichi magotini, na huyu mnyoa kondoo angebaki nyuma akiwa na doa ambalo katika mji mdogo kama Narring halitoki kwa sabuni. Alilifikiria. Asitetewe hapa: alilifikiria kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye haya anavyopaswa. Na kilichomzuia hakikuwa wema. Kilikuwa majivuno yaleyale. Kusema Merran kaiweka ile risasi ni kusema Merran aliweza kutengeneza ganda kama lile, na hilo kinywa chake kilikataa kulitamka.

"Ni yangu," alisema. "Ni bubu. Nimeitia mwenyewe."

Lorna alitikisa kichwa kukubali, akaandika, akamwambia kanuni inampa risasi nyingine badala yake. Merran alikula kipande cha chungwa.

Akalala tena. Akachukua namba kumi na tano. Alijua sasa, na kujua hakukumsaidia, kwa sababu bega nalo lilijua. Alilisihi litulie. Aliliamrisha. Alibonyeza kifyatulio taratibu kama anayebonyeza kidonda, na kabla ya mlio, katika nafasi ndogo sana ambayo kwa miaka minane ilikuwa imefichwa na kishindo, alijisikia mwenyewe akiruka.

"Sita," Lorna alisema. "Chini, kulia."

Arobaini na tatu. Watu walimpongeza Merran kwa adabu, bila kelele, kama wanavyofanya kwenye nyumba yenye mgonjwa. Lorna akapuliza filimbi, watu wakaenda kwenye soseji. Royce alikunja mkeka wake, akafuta kipimo cha seremala, akarudisha kila kitu kwenye kifuko chake, na kila kifuko kwenye kisanduku chake, nyuma ya pikapu. Alifanya hivyo polepole ili asimalize.

Clem alimfuata huko. Alisimama kando ya tairi, akatoa tumbaku, akairudisha.

"Merran atakwenda," alisema.

"Najua kuhesabu."

"Najua unajua."

Vumbi liliwapita likaelekea kwenye maghala.

"Umejua tangu lini?" Royce aliuliza. Hakumtazama.

"Tangu ile darubini ikupasue. Siyo mimi peke yangu, Royce. Lorna anajua. Wale wa vipuri wanajua. Merran alijiunga mwaka juzi, akajua siku ya kwanza. Verna ndiye aliyenitangulia, anasema unaruka hata mlango wa jikoni ukipigwa na upepo."

"Miaka minane."

"Ndiyo, inafika minane."

"Na mimi kila Jumapili nasimama pale mezani nawafundisha kunyoa shingo."

"Umetufundisha sana," Clem alisema. Hakuwa anatania, na hilo ndilo lililouma.

Royce alifunga mlango wa nyuma wa pikapu, akaufungua, akaufunga tena. Usoni alikuwa ameiva. Wote hao, wanachama ishirini na watano aliowakataa mmoja mmoja, walikuwa wakimmiminia chai na kumwitikia ndiyo, ndiyo, huku wakijua. Alikuwa amewadharau kwa sauti, nao wakamhurumia kimyakimya, na hakujua angewasamehe vipi kwa hilo.

"Tumekaa chumba kimoja kila Pasaka," alisema. "Tumekula pamoja. Ungeniambia, shemeji. Neno moja tu. Kwa nini hukuniambia?"

Clem alilifikiria swali kama alivyofikiria kila kitu, bila haraka, akikuna shingo.

"Nilitaka," alisema. "Mara nyingi. Lakini ningekwambia, ungekwenda kununua mashine nyingine."

Akampigapiga begani, lile lile bega, akaenda kuongea na Merran juu ya safari.

Royce alibaki ameshika mlango wa pikapu. Kilichomchoma si kwamba shemeji yake alimtukana. Ni kwamba akili yake, hata kabla Clem hajamaliza kusema, ilikuwa imekwisha kuanza kuitafuta hiyo mashine: kitu chembamba cha kubandika kati ya bega na kitako cha bunduki, chenye mshale, kinachoandika bega limesogea kiasi gani, na alikuwa ameshajua hata ataiweka kwenye rafu ipi.